Spika nazipenda, ila kauli ya yule kijana imenikaa rohoni

Wiki kadhaa sasa nimekaa na hasira hii, acha niitoe.

Spika zenyewe nilizipenda tangu siku ya kwanza. Besi imetulia, haivumi ovyo, na mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti unamsikia. Ndiyo maana niliumia. Jioni moja nina wageni, muziki umekolea, mara spika ya kushoto ikafifia. Matoazi hayapo, maneno kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Nikasogeza pua: harufu ya kuungua.

Waranti ilikuwa haijaisha, nikaibeba hadi kwa waliouza. Kijana wa kaunta hakuifungua, hata waya hakuchomeka. "Kaka, hii umeiunguza mwenyewe. Mnafungulia mpaka mwisho halafu mnakuja kutulilia hapa." Mbele ya wateja! Nikamwambia amplifaya yangu ni wati 30 na spika inabeba 100, itaunguaje? Akarudi kwenye simu yake. Mtu mzima nimesimama na spika mikononi, hakuna anayenijibu.

Nikaenda kwa fundi mwingine, mzee mmoja mpole. Akaichomoa twita, ile spika ndogo ya ndani inayotoa sauti nyembamba, akagusisha mita: mshale haukucheza, yaani umeme haupiti. Twita ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ikiwa nzima husoma kama 6 hivi. Akaitoa koili, waya mwembamba kama unywele, vanishi imekuwa nyeusi tii, na mahali pamoja umekatika. "Mwanangu, hapa muuaji ni hiyo amplifaya yako ndogo."

Akanieleza. Amplifaya ikikamuliwa kupita uwezo wake, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, na mkato huo huzaa sauti kali ambazo kwenye wimbo hazikuwemo. Mzigo huo huishia kwenye twita. Na umeme unaoingia kwenye spika, unaogeuka sauti ni kidogo mno, karibu wote huwa joto. Koili nyembamba vile italipeleka wapi? Dalili nilikuwa nayo: sauti ilianza kukwaruza, nami nikaongeza.

Kwa hiyo kijana alisema kweli? Kuhusu chanzo, ndiyo, nakubali, niliiunguza mimi. Lakini kama alijua, dakika mbili za kunieleza zingempunguzia nini? Na boksi limeandikwa wati 100 kwa herufi kubwa, bila neno moja kwamba amplifaya ndogo inaweza kuua spika kubwa. Nani angejua?

Nilifungua ukurasa huu niandike msinunue. Siwezi. Mzee ameweka twita mpya, naisikiliza sasa hivi, na ile pumzi ya mwimbaji imerudi. Nunueni, ni spika nzuri kweli, na zikianza kukwaruza tu punguzeni hapo hapo. Nyota nne. Hapana, tatu. Kila nikiikumbuka ile kaunta, ni tatu.