FortiGate 100F: kuifunga kwenye raki, kuiseti, na ile gigabiti 20 ya kwenye karatasi

Haya wadau, karibuni. Leo mezani kuna FortiGate 100F, fayawoli (kifaa cha kulinda mtandao) ya kampuni ya Fortinet, ya kufunga kwenye raki. Karatasi yake ya maelezo inajivunia gigabiti 20 kwa sekunde. Msiinunue kwa namba hiyo. Hizo 20 ni pale inapopitisha paketi (vifurushi vya data) tu, bila kuchungulia kilichomo. Washa IPS (kizuia mashambulizi), antivairasi na udhibiti wa programu kwa pamoja, yaani kazi yenyewe uliyoinunulia, karatasi hiyohiyo inakupa gigabiti 1. Moja! Ofisi yenye intaneti ya megabiti mia mbili, mia tatu, inatosha na kubaki. Ukitaka ikague kila kitu kati ya seva na swichi za gigabiti 10, utailaumu bure.

Kuifunga hakuna miujiza. Inakula U 1 tu, yaani nafasi moja ya raki, na kina chake ni sentimita 25 hivi, kwa hiyo hata kabati fupi la ukutani inaingia. Tazameni hapa nyuma: sehemu mbili za umeme. Nyaya zote mbili zikienda kwenye UPS (betri ya akiba) moja, hiyo UPS ikizima, pawa saplai ya pili imekusaidia nini? Moja UPS hii, nyingine UPS ile.

Chomeka laptopu kwenye poti iliyoandikwa MGMT, fungua 192.168.1.99 kwenye kivinjari. Jina ni admin, nywila acha wazi. Itakulazimisha uweke mpya hapohapo. Sera, yaani kanuni za nini kipite na nini kizuiwe, zinasomwa kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayolingana ndiyo inayoamua. Ukiweka ya kuruhusu kila kitu pale juu, zilizobaki chini yake ni mapambo.

Sasa hapa nitegeeni sikio. Kwenye poti ya WAN, ile inayoelekea intaneti, toa tiki ya HTTPS na ya SSH, njia za kuingia kuisimamia. Zote. Oktoba 2022 Fortinet wenyewe walitangaza CVE-2022-40684, tundu lililompa mshambuliaji njia ya kuingia kwenye usimamizi bila nywila yoyote. Nywila yako iwe ndefu kama treni, isingekuokoa. Kilichosaidia ni ukurasa wa usimamizi kutofikika kutoka nje. Ukitaka kusimamia ukiwa nyumbani, pita kwenye VPN (njia ya faragha iliyosimbwa ndani ya intaneti), na akaunti ya admin uifungie kwa anwani unazoziamini tu. Na VPN yenyewe iwe ya aina ya IPsec, maana kuanzia toleo la 7.6.3 la FortiOS, mfumo unaoendesha kifaa hiki, ile tunnel ya aina nyingine, SSL VPN, wameiondoa. Ukiijenga leo, kesho unabomoa.

Mashine naipenda, bwana. Menyu zake zinaeleweka, na poti ni nyingi kiasi kwamba ofisi ndogo inaweza kuanza bila swichi ya pembeni. Kinachonikera ni leseni. Ikiisha, kifaa hakizimi. NAT (inayowawezesha watu wote kutumia anwani moja ya intaneti) na VPN zinaendelea, lakini orodha za virusi zinabaki za zamani, na kichujio cha tovuti, usipokiruhusu kupitisha kinaposhindwa kupata jibu, kinaweza kuwazibia watu kurasa zote. Simu zinaita, wewe unamgombeza mtoa huduma wa intaneti ambaye hana kosa.

Kwa hiyo kabla hujalipa, mwambie muuzaji akuandikie bei ya kuhuisha leseni mwaka wa pili na wa tatu. Akianza kuzungukazunguka, nenda duka la pili.