TAHADHARI kwa wenye magari ya tabo: sensa ya presha "orijino" iliyokwanguliwa namba

Ndugu zangu, someni hili kabla hamjatoa hela.

Kuna wauzaji wa spea wanaoshirikiana na baadhi ya mafundi kuuza sensa za presha ya manifodi (bomba linaloingiza hewa kwenye injini), zile tunazoita map sensa, zinazoiambia kompyuta ya gari presha ya hewa hiyo, na wiki hii nimeletewa gereji gari jingine lililopitia mikononi mwao. Ni gari la petroli lenye tabo, yaani kifaa kinachosukuma hewa ya ziada kwenye injini. Lilikuwa limepoteza nguvu na taa ya injini inawaka. Gari likachomekewa mashine ya kusoma hitilafu, ukatoka msimbo P0299, mwenyewe akaambiwa hapo hapo kwamba sensa imekufa. Akauziwa "orijino", ikafungwa, msimbo ukafutwa, taa ikazima. Alipokutana na mlima taa ikarudi, tena sasa injini ikawa inagonga kila akikanyaga mafuta. Kwenda kudai, akajibiwa kuwa spea za umeme hazirudishwi. Sensa yake ya zamani nayo hakukabidhiwa, na sina shaka mteja mwingine atauziwa ikiwa imesafishwa.

Tuanze na huo msimbo. P0299 hausemi sensa imekufa. Unasema kompyuta iliomba tabo isukume hewa kiasi fulani, na kiasi hicho hakikufika. Mara nyingi ni hewa inavuja njiani: hosi imepasuka, klipu imelegea, au mpira mdogo wa hewa unaokwenda kwenye kidhibiti cha tabo umechomoka. Kwenye gari hili nilipitisha mkono chini ya hosi inayotoka kwenye intakula (kipoza hewa ya tabo), ukatoka umelowa mafuta. Nilipoikunja hosi, ufa ukafunguka kama mdomo. Yaani sensa ya zamani ilikuwa inasema kweli: presha haikuwepo.

Misimbo inayoigusa sensa yenyewe ni P0106, P0107 na P0108. Hata hiyo haitoshi kununua sensa. P0107 ni ishara iliyo chini mno, P0108 ni iliyo juu mno, na zote mbili zinaweza kutokana na waya uliokatika au plagi iliyoshika kutu. Chomoa plagi, washa swichi, pima kwa mita: waya mmoja lazima uwe na volti 5, mwingine uwe na athi (hasi) safi. Kama volti 5 hazipo, ukifunga sensa mpya kumi bado gari litakuwa vile vile. Na kama tundu la sensa limejaa masizi na mafuta, hasa kwenye dizeli, isafishe kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme kwanza. Usichokoe kwa waya wala sindano.

Sasa sensa yenyewe waliyofunga. Ganda ni lile lile, plagi inaingia, bolti inakaa, lakini namba za ubavuni zilikuwa zimekwanguliwa na juu pamebandikwa stika mpya. Hapa ndipo wizi ulipo, kwa sababu sensa mbili zinaweza kufanana kabisa kwa macho na zikapima viwango tofauti. Ukifungiwa ya gari lisilo na tabo, inaishia karibu na baa 1 (baa ni kipimo cha presha; baa 1 ni kilopaskali 100). Tabo ikisukuma tu, ishara inagota juu, kompyuta inaona kosa na kulinyima gari nguvu. Hiyo ni hasara ya hela. Sensa inayopima hadi baa 3 ikifungwa mahali pa ile ya baa 2.5 ni hatari zaidi. Presha ikiwa ile ile, yenyewe inatoa volti ndogo, hivyo kompyuta inaamini hewa ni kidogo, inapunguza petroli na kuiacha tabo iendelee kusukuma. Hewa nyingi, petroli kidogo, ndani ya injini iliyobanwa: inagonga, na pistoni zinaweza kuyeyuka. Mtu anafanya hivi kwa faida ya sensa moja. Inaniuma sana.

Kuitambua ni rahisi. Washa swichi bila kuwasha injini, usome presha ya manifodi kwenye mashine. Injini ikiwa imezima, manifodi ina presha ile ile ya hewa ya nje: karibu kilopaskali 100 usawa wa bahari, karibu 85 ukiwa mita 1500 juu. Sensa ya baa 3 kwenye gari la baa 2.5 itakuonyesha kama 83 mahali panapostahili 100. Msilinganishe na programu ya hali ya hewa ya simu kama mko nyanda za juu, kwa sababu nyingi huonyesha presha iliyorekebishwa kuwa ya usawa wa bahari. Kisha washa injini ipate joto, uiache sailensi, yaani ingurume bila kukanyaga mafuta: petroli kwa kawaida inashuka hadi 30 au 40 hivi. Dizeli haishuki hivyo, inabaki karibu na presha ya nje. Asije mtu akakuonyesha 100 kwenye dizeli akakwambia sensa imekufa. Huo nao ni utapeli ninaoukuta.

Kabla ya kulipa, soma namba iliyo kwenye ganda la sensa yako na ya mpya, zilingane au ziwe mbadala unaotambuliwa na mtengenezaji. Sharti la kurudisha liandikwe kwenye risiti. Ya zamani idai mkononi, hata ukiambiwa ni takataka.

Na wewe ambaye tayari umefungiwa sensa ya namba zilizokwanguliwa na gari linagonga, usilikanyage mafuta kwa nguvu tena. Liendeshe taratibu hadi kwa fundi mwingine, au livutwe, na hiyo sensa itoke kwanza kabla ya kutafuta kitu kingine chochote.