Mwezi mmoja wa matukio ya bure maktabani: uzoefu wangu na baba

Ratiba niliikuta imebandikwa mlangoni pa maktaba ya umma siku niliyokwenda kurudisha vitabu vya mwanangu. Wiki 4, matukio 19, na juu kabisa neno BURE kwa herufi nene. Nikaipiga picha nikamtumia baba. Jibu lake: "Mimi na maktaba wapi na wapi?" Baba ana miaka 71, amestaafu, na tangu mama afariki siku zake nyingi zinaishia kwenye kiti kimoja sebuleni. Nikasema huyu nitamvuta hivyo hivyo. Mwisho wa mwezi tulikuwa tumehudhuria matukio 9. Mengine mimi na mwanangu wa miaka 6, mengine mimi na baba, mawili sote watatu.

Naanza na siku ya matengenezo, kwa sababu ndiyo iliyobadilisha mambo. Unaleta kifaa chako kilichoharibika, unakaa na mtu anayejitolea mwenye vifaa na ujuzi, mnakitengeneza pamoja. Hakichukuliwi ukaambiwa urudi Jumatatu. Wazo hili lilianzia Amsterdam mwaka 2009, likianzishwa na Martine Postma, na maktaba nyingi duniani zimelichukua kwa kuwa zina meza, mwanga na vitabu vya ufundi karibu. Baba alileta redio yake ambayo haikuwa imetoa sauti kwa miaka 3.

Aliyetupokea ni binti mdogo tu, bisibisi sikioni kama kalamu. "Shikamoo mzee. Mgonjwa wetu anasumbuliwa na nini?" Baba akacheka, jambo ambalo sikuwa nimelisikia muda mrefu. Binti akafungua kisanduku cha betri, na humo ndani springi zilikuwa zimevaa ukoko mweupe uliochanganyika na ukijani. Akaeleza kwamba betri za alkali zikisahaulika ndani ya kifaa huvuja, na kile kinachovuja ni kemikali kali ambayo dawa yake ni asidi nyepesi. Akatoa kichupa cha siki na kijiti chenye pamba. Nilidhani atasafisha yeye. Akamkabidhi baba. "Fanya wewe mzee, mimi nitakushikia taa."

Mkono wa baba hutetemeka kidogo siku hizi. Tone la kwanza lilidondoka mezani. La pili likatua kwenye springi, ukoko ukachemka mapovu madogo, naye akainama karibu kabisa kuyatazama. Baada ya hapo pamba ya pili, ya tatu, kisha msasa laini mpaka chuma kikang'aa, kisha kitambaa kikavu. Betri mpya zikaingia. Kwanza ukaja mkoromo, baba akazungusha kitufe taratibu, na sauti ya mtu akisoma habari ikajaa chumba kizima. Akaipunguza upesi huku akitazama huku na huku, maana alikuwa maktabani. Binti akamwambia leo kelele ruksa.

Hapo ndipo mkutubi alipofika na vitabu viwili mkononi. Alikuwa amesikia mazungumzo yetu kutoka meza ya jirani, akaenda rafuni, kwenye 621.384, namba ya vitabu vya redio. "Mzee, hiki kina michoro mikubwa, hutapata shida ya macho." Baba hakuwa na kadi. Fomu ikaletwa pale pale mezani, akaijaza, akatoka na redio kwapani na vitabu viwili.

Nimeeleza hili kwa kirefu kwa sababu lilijirudia mwezi mzima, na ndilo ninalowapongeza nalo: hakuna tukio zuri lililoishia ukumbini. Kila mara kulikuwa na mtu wa kukushika mkono akupeleke rafuni. Nimeshahudhuria matukio ya bure mengi ambayo unapigwa picha, unapewa kipeperushi, basi. Haya hayakuwa hivyo.

Saa ya hadithi kwa watoto ni ya kila Jumamosi. Mkutubi hasomi moja kwa moja hadi mwisho. Anafika mahali, anafunga kitabu nusu, anauliza, "Nyie mnadhani atapita njia ipi?" na anangoja kweli kweli, hata kimya kikiwa kirefu. Baadaye alitueleza wazazi kwamba mtindo huu wa kumfanya mtoto awe msimuliaji ulifanyiwa utafiti na Grover Whitehurst na wenzake miaka ya 1980, na ukaonekana kumsaidia mtoto kukuza lugha. Nimeuiga nyumbani. Hadithi ya dakika 10 sasa inachukua nusu saa, na mwanangu hataki tena isomwe kwa njia nyingine.

Baada ya hadithi kulikuwa na msako wa namba. Watoto wanapewa vikaratasi vyenye namba tupu, wanatafuta rafu yake. Mfumo wenyewe ni ule wa Melvil Dewey wa mwaka 1876, unaogawa maarifa yote katika makundi 10, kila kundi likagawanywa tena kwa 10, na kuendelea. Mwanangu alipata 595.7. Alizunguka, akapita ndege kwenye 598, akarudi nyuma, kisha nikasikia anapiga kelele: "Mama, ni wadudu!" Tangu siku hiyo anaikumbuka namba hiyo kama namba ya simu yangu.

Tukio mojawapo la sote watatu lilikuwa maktaba ya watu, ambapo "vitabu" ni binadamu unaowaazima kwa dakika 20 ili uwaulize chochote. Lilianzia Denmark mwaka 2000. Tulimwazima bwana mmoja asiyeona. Alitueleza kuhusu maandishi ya nukta nundu, nukta 6 tu zinazotoa alama 63, yaliyobuniwa na Mfaransa Louis Braille mwaka 1824 akiwa kijana wa miaka 15. Akamwambia mwanangu afumbe macho, akamshika kidole na kukipitisha juu ya ukurasa. Mwanangu akauliza kama husumbuka kusoma usiku. "Mimi? Nilipokuwa na umri wako nilisoma ndani ya shuka, taa imezimwa, na mama hakunikamata hata siku moja." Mwanangu alimtazama kwa wivu mtupu.

Sasa lawama, kwa sababu zipo, na moja iliniudhi sana. Masomo ya kompyuta kwa wazee yalitaka ujiandikishe kwa intaneti. Kwa intaneti peke yake! Mtu anakuja kufundishwa kushika kipanya, unamtaka kwanza afungue ukurasa, aweke barua pepe, abuni nenosiri? Baba aliandikishwa na mimi. Wasio na wa kuwaandikisha je? Siku ya kwanza nilihesabu viti 4 vitupu kati ya 12, na mlangoni mama mmoja mtu mzima aliambiwa hayumo kwenye orodha. Nililalamika kwa mkutubi, naye akamwingiza bila ubishi. Wiki iliyofuata daftari la kujiandikisha kwa kalamu liliwekwa mapokezi. Lilipaswa kuwepo tangu mwanzo.

Masomo yenyewe ni mazuri. Mwalimu aliwaanzisha kwa mchezo wa karata kwenye skrini, ili vidole vizoee kubofya na kuburuta kabla ya kazi nyingine. Baba alikuwa akinyanyua kipanya juu hewani kila kinapofika ukingo wa meza. Somo la tatu nikapokea barua pepe yake ya kwanza: "Baba yako anaandika." Nimeihifadhi.

Semina ya kuandika wasifu wa kazi sikuipenda. Mtoa mada alitusomea yaliyoandikwa ukutani, neno kwa neno, saa nzima, na hakutazama wasifu wa mtu hata mmoja. Tena iliwekwa Jumanne saa 4 asubuhi, kwa hiyo wanaotaka kubadilisha kazi walikuwa kazini. Pia kelele za watoto zilifika kwenye meza za wanafunzi wanaojiandaa na mitihani. Niliwaona wawili wakikusanya madaftari yao na kuondoka. Mlango ule ungefungwa tu.

Ukipata ratiba kama hii kwenye maktaba iliyo karibu nawe, fika nusu saa kabla kwa yale yenye vifaa, kwa kuwa viti huisha. Na usiogope kuuliza kama kweli ni bure. Ilani ya Maktaba za Umma ya UNESCO, iliyotolewa kwanza 1949 na kuhuishwa mara ya mwisho 2022, inataka huduma ya msingi ya maktaba isitozwe ada. Hufanyiwi hisani. Na kama una mtu anayesema maktaba si mahali pake, nenda naye, usimtumie picha ya ratiba tu kama nilivyofanya mimi mwanzoni.

Ratiba ilimalizika Jumamosi. Jumatano iliyofuata nilimpigia baba saa 5 asubuhi, hakupokea. Nikapiga tena, hakupokea, nikaanza kuvaa viatu niende kumwona. Simu ikaita. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini sana.

"Niko maktaba, mwanangu. Nitakupigia nikitoka."