Mpopla Mwembamba wa Uswidi Uani Kwangu: Uzoefu wa Miaka Sita

Nilinunua miche saba ya mpopla mwembamba wa Uswidi, ambao wataalamu huuita Populus tremula ‘Erecta’, baada ya jirani yetu hapa Edmonton, Kanada, kujenga nyumba ya ghorofa ambayo madirisha yake yote ya nyuma yalitazama uani kwetu. Kwa mtu aliyelelewa Tanga, uani si mahali pa kutazamwa, na uzio wa mbao haukuweza kuzuia macho yanayotoka ghorofani.

Muuzaji wa kitalu aliniahidi mti unaokua haraka, usiokula nafasi na unaostahimili baridi, na katika mambo hayo sina lalamiko. Miche iliyokuwa na kimo changu siku ya kupandwa sasa imeyafikia madirisha ya jirani, ingawa bado haijakomaa, kwani mti huu hufikia takriban mita 12 kwa urefu na mita 3 tu kwa upana. Jambo ambalo hakuniahidi ni sauti yake: kikonyo cha jani ni bapa, hivyo hata upepo mdogo hulitetemesha, na jioni za Julai safu nzima husikika kama manyunyu juu ya makuti.

Tofauti na miti ya ashoki ya Dar es Salaam, ambayo umbo lake hufanana sana na huu, mpopla hupukutisha majani yote Oktoba na kutuacha wazi hadi Mei. Nakiri kwamba Januari hakuna anayekaa uani.

Tatizo kubwa lilianza Agosti ya mwaka wa nne. Majani ya tawi moja yaligeuka rangi ya shaba huku mishipa yake ikibaki kijani, nami, nikidhani ni kiu, nikazidisha maji. Majani hayo hayakudondoka hata theluji ilipoanguka. Mtaalamu wa miti alinieleza kwamba ni ugonjwa wa ukungu unaojulikana sana katika jimbo hili la Alberta, usio na dawa ya kutegemewa, na kwamba kilichobaki ni kukata matawi yaliyoathirika, kusafisha mkasi kwa spiriti kila baada ya kukata, na kuzoa majani yote. Miti miwili niliipoteza, na mizizi yake ikajibu kwa kuchipua kila mahali katikati ya nyasi. Nilipomuuliza muuzaji kwa nini hakunitahadharisha, alinijibu kwamba dhamana ilikuwa ya mwaka mmoja.

Mti wenyewe ningeununua tena, lakini si saba kwa mpigo, kwa sababu yote huzalishwa kutokana na mti mmoja wa asili, na ugonjwa unaoushinda mmoja huiweka yote hatarini. Mapengo mawili nimeyaziba kwa misprusi myembamba, ambayo haipukutishi majani. Kwa sasa inanifika kiunoni, na jirani bado anatuona tukinywa chai.