Feni ya tatu ndiyo iliyotulia: uzoefu wangu na kichumba cha kuoteshea

Nina kona ya stoo niliyoizungushia plastiki nyeupe, mita 1.2 kwa 1.2, kimo mita 2. Humo nakuza saladi na rehani chini ya taa ya LED ya wati 240. Feni inayotoa hewa humo sasa ni ya tatu, na mbili za mwanzo wala hazikuwa mbovu. Nilizinunua kwa kusoma namba isiyonihusu.

Ya kwanza ilikuwa feni bapa ya ukutani, kama zile za bafuni. Kwenye boksi waliandika mita za ujazo 180 kwa saa. Nikapiga hesabu: kichumba kina karibu mita za ujazo 2.9, basi hewa yote itabadilika kila dakika. Nikafurahi. Nikaifungia filta ya mkaa, maana mbolea ya samaki ninayotumia hunuka nyumba nzima, nikaunganisha bomba la mita tatu lenye kona mbili hadi dirishani, nikawasha. Nilipoweka kiganja kwenye mdomo wa bomba, hewa ilitoka kama pumzi ya mtoto aliyelala. Ndani kipimajoto kilisoma nyuzi 34.

Kumbe namba ya kwenye boksi hupimwa feni ikiwa huru, haina kitu mbele wala nyuma. Feni bapa hupeleka hewa nyingi pale tu njia ilipo wazi. Ikikutana na filta, bomba na kona, mapanga yanazunguka na hewa haiendi popote. Siku hizi natafuta kwanza mchoro wa mtengenezaji unaoonyesha hewa inavyopungua kadiri shinikizo, linaloandikwa kwa paskali, linavyopanda. Isiyo na mchoro huo siinunui kwa kazi ya bomba, hata iwe nzuri vipi kwa macho.

Ya pili ilikuwa feni ya bomba ya milimita 100. Hii ilivuta kweli, na joto likashuka hadi 29. Tatizo, ilibidi iende kasi ya mwisho saa zote taa inapowaka, ikilia kama nyuki aliyenaswa koponi. Nikajifanya fundi, nikaiunga kwenye swichi ya kufifishia taa ili ipungue kasi. Mota ikaanza kunguruma na kupata moto. Nikaichomoa siku hiyohiyo, na nawaomba msijaribu. Nyingi ya mota hizi za kawaida hazikutengenezewa swichi hiyo.

Ya tatu sikuanza na ukubwa wa chumba, nilianza na joto. Karibu wati zote za taa huishia kuwa joto humo ndani. Hesabu ninayoitumia ni wati mara 3, kisha nagawa kwa idadi ya nyuzi ninazokubali kichumba kizidi stoo. Kwangu ni 240 mara 3, gawa kwa 4, napata mita za ujazo 180 kwa saa. Ni ileile 180 ya boksi la kwanza, ila hii inatakiwa ifike hadi mwisho wa bomba, filta ikiwa imeshakula sehemu yake. Kwa hiyo nilichukua ya milimita 150 yenye mota ya EC (inayoendeshwa kielektroniki, hivyo kasi yake hupunguzwa bila shida) na ngazi 10 za kasi, iliyoandikwa mita za ujazo 500 kwa saa, nami naiendesha ngazi ya 5. Kasi ya feni ikishuka nusu, kelele hupungua kwa kama desibeli 15 na umeme hubaki karibu sehemu moja ya nane. Bomba pana nalo linasaidia. Hewa hiyo ya 180 hupita kwenye bomba la milimita 100 kwa zaidi ya mita 6 kwa sekunde, lakini kwenye la 150 haifiki hata 3, na ule mluzi umekwisha.

Feni haiwezi kutoa hewa isiyoingia. Nilikuwa nimeacha tundu moja dogo chini, plastiki ikavutika ndani kama tumbo la mwenye njaa. Nilipoongeza tundu la pili, joto lilishuka nyuzi moja na nusu bila kugusa kasi.

Kuhusu saladi, ncha za majani machanga ya katikati zilikuwa zikiungua hata baada ya joto kukaa sawa. Hewa ikituama kati ya majani, jani changa halipumui maji vya kutosha, na kalsiamu haifiki kwenye ncha. Kifeni cha kubana kilichoelekezwa juu ya miche, majani yakitikisika bila kulala, kilipunguza sana hali hiyo. Kazi hiyo feni ya bomba haiifanyi.

Malalamiko yangu juu ya hii ya tatu ni mawili. Vishikizo vyake vya chuma nilivikaza kwenye mbao, na mbao zikaanza kuimba. Sasa inaning'inia kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. La pili linaniudhi zaidi. Umeme ukikatika na kurudi, kidhibiti kinasahau ngazi na kuanzia sifuri, wakati taa inawaka yenyewe. Asubuhi moja nilikuta nyuzi 36 na rehani zimelala chali. Nimeweka king'ora cha joto cha betri mlangoni, na tangu hapo kimeshaniamsha mara mbili.