Calc ya LibreOffice kwa hesabu za maziwa: uzoefu wangu kutoka Njoro

Mimi ndiye ninayeweka hesabu za kikundi chetu cha wafugaji huku Njoro, Nakuru. Kila mtu ana kilo zake za asubuhi na za jioni, halafu mwisho wa mwezi yanakuja makato: chakula cha ng'ombe, dawa, advansi. Malipo ya M-Pesa hutoka kwenye jedwali hilo hilo. Likikataa kufunguka, kuna mzazi anayesubiri pesa za karo.

Programu ya jedwali niliyoikuta kwenye kompyuta ya kikundi ilikuwa inajifunga nikiandika fomula. Kuingiza kilo hakukuwa na neno. Lakini nikiandika SUMPRODUCT ya kuzidisha kilo kwa bei (bei yetu hubadilika katikati ya mwezi) na kubonyeza Enter, skrini inapauka, kisha dirisha zima linapotea pamoja na kazi ya asubuhi. Fundi mmoja mjini alitaka kufuta kila kitu na kuanza upya. Nilikataa, maana rekodi za wafugaji zilikuwa humo.

Nikafungua faili tupu, nikaandika fomula ile ile kwa majina machache. Jibu likaja papo hapo. Basi tatizo lilikuwa ndani ya faili, na ushauri wangu kwa yeyote anayepatwa na haya ni aanzie hapo kabla ya kumlipa mtu.

Ndipo nikaweka LibreOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi. Ni ya bure, haihitaji leseni ya kulipia, na ukishaipakua haikuulizi intaneti. Katika Calc, programu yake ya jedwali, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuingia menyu ya Data, Calculate, nikazima AutoCalculate, yaani hesabu ya kujiendesha. Sasa jedwali halipigi hesabu mpaka nibonyeze F9, kwa hiyo nilipata nafasi ya kulichunguza bila haraka. Swichi kama hiyo ipo kwenye programu nyingine za jedwali pia, itafute.

Nilichokuta ni mambo mawili. Fomula zilikuwa zinashika safu nzima ya kwenda chini, na safu moja ina laini 1,048,576, ilhali sisi hatufikishi hata 2,000 kwa mwezi. SUMPRODUCT inaweza kulazimika kuzipitia zote, kwa kila mfugaji. Nikaandika mipaka: kutoka laini ya 2 hadi ya 2000. La pili lilinishangaza zaidi. Kila mwezi shiti ilikuwa inanakiliwa kutoka ya mwezi uliopita, na zile kanuni za kupaka seli rangi kilo zikishuka zikawa zinanakiliwa nazo, moja juu ya nyingine. Calc inazionyesha zote kwa orodha ukienda Format, Conditional, Manage. Nilizifuta, nikabakisha moja.

Nikarudisha hesabu ya kujiendesha. Fomula sasa inakubali mara moja, hata kwenye laptopu hii kuukuu, na malipo ya mwezi uliopita yalitoka siku yake. Nilifurahi sana, na wafugaji zaidi yangu.

Ikitokea Calc yenyewe inakusumbua, menyu ya Help ina Restart in Safe Mode, ambayo huiwasha bila viongezi (programu ndogo za nyongeza) na bila mipangilio yako. Ikitulia hapo, chunguza viongezi na mipangilio kabla ya kulaumu faili. Nadhani kila programu ya ofisi ingepaswa kuwa na mlango huo mahali pa wazi namna hii.

Kuna la kuangalia. Makro (amri zilizoandikwa ili zijifanyie kazi zenyewe) za Excel haziendi zote ndani ya Calc, kwa hiyo kikundi chenye vitufe vingi vya makro kijaribu kwanza kwa nakala. Sisi tuna fomula tu, inatutosha kabisa.

Na kwa kuwa stima huku hupotea bila taarifa, ingia Tools, Options, Load/Save, General: punguza muda wa kujihifadhi kutoka dakika 10 hadi 2, na uweke alama kwenye nakala rudufu.