Ngorongoro na safari ya kundi: nilinyimwa dakika mbili

Imepita miezi kadhaa na nilidhani hasira itapoa. Haijapoa, kwa hiyo naandika.

Kazi yangu ni kupiga picha za safari. Mara nyingi nakodi gari mwenyewe, ila safari hii nilijiunga na kundi, kwa sababu gharama za gari, dereva na kiingilio cha kushuka kreta, lile bonde la volkano wanamoishi wanyama, zikigawanywa kwa watu wengi, mtu wa kipato cha kawaida naye anamudu. Hilo halijabadilika. Malazi yalikuwa safi na chakula sina neno nacho. Kilichoniumiza ni muda, na mtu mmoja.

Kabla ya kulipa niliuliza jambo moja tu: tutashuka saa ngapi? Nikajibiwa, "Alfajiri kabisa dada, ondoa shaka." Kushuka kunaruhusiwa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na mpiga picha yeyote anaitaka saa hiyo. Huku karibu na ikweta jua linapanda karibu wima. Ukichelewa kidogo, mwanga laini umekwisha. Halafu faru wa Ngorongoro mara nyingi unamwona kwa mbali, na kuacha barabara kumfuata ni marufuku, tena ni haki iwe hivyo. Hewa ikiwa bado ya baridi, lenzi ndefu inakuletea hadi mikunjo ya shingo yake. Ardhi ikishapata joto, hewa iliyo kati yako na mnyama inaanza kuchezacheza na picha inatoka imeyeyuka. Hakuna programu ya kuhariri itakayoirudisha.

Siku yenyewe ilipofika, msimamizi wa kundi akatangaza tunywe chai taratibu, watu wapumzike. Nikamkumbusha ahadi. Akasema nje kuna ukungu, hakuna kitakachoonekana. Ukungu ulikuwepo kweli, lakini tulikuwa juu ukingoni, na mara nyingi ukungu unabaki hukohuko huku chini kukiwa kweupe. Dereva, ambaye alishafuta vioo na kujaza maji ya kunywa garini, akasema kwa upole, "Chini patakuwa safi, bosi." Hakusikilizwa. Tuliondoka inakaribia saa tatu. Chini palikuwa safi.

Hata hivyo bahati ilitukuta. Upande wa msitu wa Lerai dereva alipunguza mwendo, akanyoosha kidole bila kusema neno. Faru, mama na mtoto wake, walikuwa wametoka kwenye migunga wanakatiza uwandani. Nikaweka mfuko wangu wa maharage wa kuegemezea kamera kwenye ukingo wa paa, lenzi ya milimita 600 juu yake. Nikichungulia, kila kitu kinatetemeka, maana injini ilikuwa inanguruma. Kwa lenzi ya urefu ule, mtikisiko wa bodi ya gari usiousikia hata ukiwa umekaa unaingia wote kwenye picha. Nikamwomba dereva azime. Mkono wake ulishafika kwenye ufunguo.

"Usizime," msimamizi akasema. "Twende kwenye viboko, tumechelewa."

"Kaka, naomba dakika mbili tu."

Akageuka kwenye kiti, akasema gari zima lisikie: "Dada, hili si gari lako. Ukitaka kutoa amri, kodi la kwako."

Tumechelewa! Nani alituchelewesha? Mama mmoja aliyekaa nyuma akasema hata yeye anaomba tusubiri, hajawahi kumwona faru maishani. Mumewe akaunga mkono. Gari likaondoka. Picha ninazo: maumbo mawili ya kijivu yasiyo na kingo, na mtoto hana jicho.

Dereva simlaumu hata kidogo. Pale Ziwa Magadi, humohumo kreta, msimamizi alipokuwa amezama kwenye simu yake, alizima injini bila kuombwa, akatuacha tuwatazame heroe (flamingo) kwa nafasi. Ni mtu anayeijua kazi yake na anayeipenda. Kwa ajili yake nilitaka kuandika kwamba kampuni hii haimfai mpiga picha, lakini familia inayotaka kuona wanyama tu itaridhika. Nafuta maneno hayo. Yule mama hakuwa na kamera wala lenzi. Alitaka kuona tu, amelipa kama mimi, naye akanyimwa vilevile.

Na nilikuwa bado nafikiria kuwapa nyota mbili au tatu hadi ofisi yao iliponitumia ujumbe. Nilidhani ni wa kuomba radhi. Waliomba picha zangu wazitumie kwenye matangazo yao, bure, "kwa ajili ya kukuza utalii wetu."

Sijatuma na sitatuma. Nyota moja. Niliwarudishia swali langu: nani alipanga tuondoke saa tatu wakati niliahidiwa alfajiri? Ujumbe wameusoma, jibu sijapata.